Ridhaa iliombwa kwa neno gani?

Kabla ya kutuma muswada wa utafiti wa tiba kwenye jarida, watafiti hukagua takwimu, majedwali na Kiingereza chao. Kuhusu lugha ya mgonjwa, mara nyingi huandika mstari mmoja tu: fomu ya ridhaa ilitafsiriwa kwa Kiswahili. Kiswahili kipi?

Neno «uchunguzi» hubeba mambo mawili: kupimwa hospitalini na kufanya utafiti. Mama anayeambiwa «tunaomba damu yako kwa uchunguzi» anaweza kuitikia akitumaini majibu na dawa, kumbe ameingia katika utafiti. Hata fomu ikirudishwa katika Kiingereza ili kukaguliwa, kosa hilo halionekani, kwa sababu mfasiri anajua kilichokusudiwa. Mama hajui.

Mkoani kwetu hili si jambo dogo. Majaribio ya dawa nne za Ebola yaliyofanyika Kivu Kaskazini, yakachapishwa mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine, yalihusu wagonjwa 681 na kuonyesha dawa mbili zinazookoa zaidi. Tafiti za namna hii zitaendelea kuja kwetu.

Watafiti watasema jarida lina kikomo cha maneno. Ni kweli, lakini majarida mengi hupokea viambatisho. Basi muswada utaje kama ni Kiswahili cha Goma au Kinande, na maneno gani yalijaribiwa kwanza kwa wenyeji. Fomu yenyewe iambatishwe. Nasi wa isimu tuitwe kabla ridhaa haijaombwa, si wakati wa kusahihisha nukta na mikato.