WAZAZI NA SHULE: Kutumwa na kukabidhiwa

Mwezi huu tuwaguse watoto wa miaka 11 mpaka 14, ambao ni watu wagumu kweli. Utoto wameuacha, ukubwa bado hawajaufikia, na nyumbani kila neno ni ubishi.

Ndugu zetu waliofika Marekani, kabla nchi ile haijasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi mwezi wa kwanza 2025, wanatuambia kwamba kule umri huu una shule yake. Ni shule ya kati, mara nyingi darasa la 6, la 7 na la 8. Mama mmoja alitupigia simu huku anacheka. Aliitwa shuleni kwa binti yake. Sisi tunajua, mzazi akiitwa shule basi kuna jambo baya. Akavaa kitenge kizuri, akaenda roho mkononi. Kufika, mwalimu kakaa pembeni kimya, na binti ndiye anayeongoza kikao! Anafungua daftari: mama, hapa nimefaulu, hapa nimeanguka, hesabu za sehemu zinanisumbua, nitafanya hivi na hivi. Mama anasema hakujua afurahi au amkaripie.

Siku hizi kikao cha namna hiyo kinafanyika hata katika shule za serikali. Lakini wazo lenyewe, kwamba mtoto ajibu mwenyewe kwa kazi yake, limelelewa zaidi ya miaka mia katika shule chache za binafsi zilizotaka kufundisha kwa njia nyingine. Mwaka 1896 John Dewey alifungua shule ya namna hiyo katika chuo kikuu cha Chicago. Watoto walipika, walifuma, walichonga mbao, na masomo yakatoka humo. Wale wa miaka 13 hivi walikosa mahali pa kukutania chama chao, wakaanza kujijengea nyumba. Wa kwetu wanaofyatua matofali wangewaelewa upesi.

Inayotupendeza zaidi ni ile ya New York iliyoanzishwa mwaka 1914 na Caroline Pratt, mwalimu wa useremala. Inaitwa City and Country, na ipo mpaka leo. Pale kila umri una kazi ambayo shule nzima inaitegemea. Wa miaka 8 wanaendesha posta ya shule. Wa miaka 9 wana duka la kalamu na madaftari. Wa miaka 11 wana mashine ya kuchapa, wanachapa karatasi zinazotumika shuleni. Hebu fikiri: unapanga herufi mojamoja, zimegeuka kama kwenye kioo. Ukikosea neno, kosa lako linatoka kwenye kila karatasi, na watu wanasoma. Mwalimu hana haja ya fimbo hapo.

Sasa, karo. Shule nyingi za binafsi za New York zinadai zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na wanaosaidiwa kulipa si wote. Kwa hiyo tusidanganyane, mtoto wa mkimbizi akifika kule kwa kawaida anaingia shule ya serikali.

Sisi wenyewe tulipokaa kuandaa ukurasa huu tulibishana. Mmoja alisema: hayo ni ya matajiri, mtoto wao akicheza duka leo, kesho baba yupo. Wetu hapa Dzaleka ana mtihani wa Malawi mwisho wa darasa la 8, asipopita sekondari ataiona kwa macho tu. Ni kweli, na hatutaki mtu aache kumsomesha mtoto kwa mtihani. Mwingine akasema: kazi? Watoto wetu kazi wanazo tele! Maji, kuni, kubeba mdogo mgongoni, kukaa sokoni.

Hapo ndipo tulipokwama muda mrefu, mpaka mama mmoja wa kwetu akasema wetu wanatumwa, wale wanakabidhiwa. Anayetumwa maji anarudi na ndoo, basi, imeisha. Aliyekabidhiwa anajua kilichopo, anaamua, anaandika, na mambo yakiharibika anaulizwa yeye. Mtoto wa miaka 12 anakaa kwenye meza ya nyanya siku nzima, anarudisha chenji vizuri kuliko sisi, lakini hajawahi kuulizwa tumenunua kwa ngapi na faida iko wapi. Halafu darasani anaambiwa hajui hesabu.

Neno moja kwa wasichana. Wengi wao wameshakabidhiwa nyumba nzima wakiwa na miaka 13, na ndiyo maana wanaacha shule. Tunayoyasema yasiwe sababu mpya ya kumfungia jikoni. Kazi iwe moja, ndogo, iwe na daftari, na isile saa za masomo.

Kuna jirani zetu waliompa kijana wao wa miaka 13 daftari la mgao. Aandike kilichoingia, aseme kila jioni kipimwe kiasi gani. Mwezi wa kwanza unga uliisha siku nne kabla, na watu wanane walilala na uji mwepesi. Mama alitaka daftari lirudi kwake siku ileile. Baba akasema hapana, abaki nalo. Mwezi wa pili kijana alitafuta kikombe kimoja, akakitia alama kwa msumari, akagawa idadi ya vikombe kwa siku za mwezi. Ikabaki nusu kikombe. Mwalimu wake alipolisikia jambo hilo aliomba daftari liletwe darasani, na wiki ile wote walipiga hesabu za wastani kwa unga wa nyumba ile.