Silindri kubwa, kabiratere ya zamani: jihadhari!



Wewe unayekata miti ya kushikilia dari za galeri, na wewe unayepasua mbao siku ya mapumziko, ukurasa wa leo ni wako. Tunataka kusema juu ya tronsoneze, ile mashini ya kukata miti. Kuna desturi moja inayotutia wasiwasi: kuifunga silindri kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, na kuacha kabiratere kama ilivyokuwa.

Fikiri mkataji mmoja kule Rurambo, katika milima ya Uvira. Silindri yake imekwaruzika. Sokoni anapata mpya pamoja na pistoni yake, yenye upana wa milimita 52 badala ya 48. Anafurahi, maana matundu ya visi yanalingana na nguvu itaongezeka. Ni kweli itaongezeka. Kama mwendo wa pistoni ni milimita 34, ujazo unatoka sentimita kyubu 61 na kufika 72. Hiyo ni nyongeza ya sehemu 17 kwa mia. Lakini je, kabiratere iliyopimwa kwa ajili ya 61 itailisha 72?

Kumbuka kwamba motere ya tempo mbili haina mafuta ya kulainisha yaliyowekwa mbali. Yamechanganywa na esansi: kwa kipimo cha 1 kwa 50, ni mililita 20 katika litre moja. Basi esansi ikiwa kidogo kwa hewa inayoingia, moto ndani unazidi kuwa mkali, na mafuta ya kulainisha nayo yanapungua. Pistoni inavimba, inashika ukuta wa silindri, na mashini inakufa. Kabla ya kufa inalia kwa sauti kali na nyembamba. Wengi wanaipenda sauti hiyo, wanadhani ni nguvu. Hicho ni kilio cha kuomba esansi.

Hasara ya silindri ni ya mfuko. Hatari kubwa ni ya mwili wako. Mchanganyiko ukikosa esansi, au hewa ikipenya kwenye jointi iliyofungwa vibaya, unaachilia gazi lakini motere haishuki. Mnyororo unaendelea kuzunguka wakati wewe umeshaanza kutembea, mashini ikiwa karibu na goti. Au motere inazimika katikati ya mti ambao umekatwa nusu na umeanza kuinama. Wakati huo huna nafasi ya kutafuta turnavisi.

Kwetu milimani kuna jambo jingine. Uvira iko kando ya ziwa, kwenye meta 770 hivi. Ukipanda mpaka mahali pa meta 2,000, hewa ni nyepesi kwa kama sehemu 11 kwa mia. Tronsoneze iliyopangwa chini inafika juu ikitoa moshi mweusi na kukosa nguvu, kwa sababu esansi imezidi hewa. Mwenyewe anafunga visi kidogo, inapona. Sawa. Lakini mwezi unaofuata anateremka nayo kufanya kazi katika bonde la Ruzizi, hewa inakuwa nzito tena, na visi bado imefungwa. Ukiongeza silindri kubwa juu ya hayo, siku ya kuua motere imefika.

Maoni yetu ni haya: kubadili silindri na kupanga kabiratere ni kazi moja, si mbili. Na kazi hiyo inaisha mahali mti unapokatwa, si mezani pa ateliye.

Fanya hivi. Kwanza safisha chujio la hewa, na hakikisha hakuna hewa inayopenya chini ya silindri. Pasha motere moto. Panga visi ya L mpaka motere iitike vizuri ukivuta gazi, kisha panga visi ya mwendo wa chini mpaka mnyororo usimame kabisa. Mwisho panga visi ya H. Gazi ikivutwa yote bila mti, sauti iwe na mikwaruzo kidogo. Ikiingia kwenye mti, isafike. Mwenye kipima mizunguko akitumie, asipite namba ya kitabu cha mashini. Baada ya kukata, fungua bujia: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeupe ni hatari, nyeusi na maji maji ni esansi nyingi.

Kama H imefunguliwa mpaka mwisho na kilio bado kipo, usidanganye motere. Kabiratere ni ndogo. Tafuta ile ya mashini iliyotengenezwa na silindri ya ukubwa huo. Namba yake imepigwa kwenye mwili wake. Wala usikimbilie kubwa kupita kiasi. Tundu likiwa pana mno, hewa inapita polepole, haivuti esansi vizuri, na motere inasita kila ukivuta gazi. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Jaribio hili lifanyike nje, kwenye hewa wazi. Usiwashe tronsoneze ndani ya galeri wala ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kwa dakika moja. Moshi wake una gazi ya sumu isiyo na harufu, na motere yenye esansi nyingi hutoa sumu hiyo zaidi.

Na ninyi mashefu wa kazi, neno moja. Mkimpa mtu tronsoneze yenye silindri mpya na kabiratere ambayo hakuna aliyeigusa, mmempa nusu ya mashini na hatari nzima. Msimwambie, "Utaizoea." Mpeni fundi nusu siku pale pale msituni. Nusu siku ni rahisi kuliko mguu wa mtu.

Ndugu, kesho asubuhi kabla ya kukata mti wa kwanza, washa mashini yako, achilia gazi, na utazame mnyororo. Ukizunguka, zima. Kazi ya siku hiyo inaanzia kwenye kabiratere.