Kasa akinaswa, nani amlipe mvuvi wavu wake?

Mhariri,

Msomaji wenu huyu, ambaye kwao ni pwani ya Kenya, amechoka kusikia watu wa mjini, wasiojua hata harufu ya ngalawa, wakimwita kila mvuvi muuaji wa kasa.

Kasa huvuta hewa kama binadamu. Akinaswa na jarife lililotegwa usiku hawezi kupanda juu kupumua, na alfajiri mwenye wavu hukuta mzoga. Hakumtaka, alitaka nguru. Wavu nao umechanika.

Likizo iliyopita, huko Watamu, mjomba wa msomaji huyu alimkuta kasa akiwa hai, nyuzi zimemkaza pezi la mbele hadi ngozi ikachubuka. Mzee hakumtupa wala kumchinja. Aliwapigia simu Local Ocean Conservation, shirika lililoanza mwaka 1997. Wakaja, wakampima, wakambana kibati cha namba pezini, kisha wakamrudisha baharini. Mvuvi hupewa malipo madogo ya simu na usumbufu, si bei ya kasa, na hilo ni sawa kabisa: kasa asigeuzwe biashara.

Bei ya wavu je? Hapo kila mtu hunyamaza.

Na njia ya kupunguza hasara hii ipo: nchini Peru, wavuvi wadogo wamejaribu kufunga taa za kijani kwenye nyavu zao, na kasa wanaonaswa wakapungua. Idara ya uvuvi ya Kenya na vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vya pwani vitujibu: taa hizo zitajaribiwa lini kwetu, na kwa fedha ya nani?

Msomaji, Naguru, Kampala