Swali la Utafiti Hutungwa na Nani?

Mabwawa ya mchanga ya Kitui, yahifadhiyo maji chini ya mito mikavu, yamechunguzwa sana na wataalamu wa Uholanzi. Sina kinyongo nao. Nauliza tu: nani aliyeyatunga maswali yao? Mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, Horizon Europe wa 2021 hadi 2027, huruhusu hata serikali ya kaunti ya Kenya kushirikiana na taasisi za huko na kupewa fedha. Makueni imekwisha kuonja fedha za Umoja huo katika kiwanda cha maembe cha Kalamba. Lakini kiwanda si utafiti. Kaunti hizi mbili ziajiri, hata kwa shirika, mwandishi mmoja wa maombi, akae na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopo papo hapo Kitui.