Mafuta ya Taa Yaliyokosa Taa

Jina la kitu mara nyingi hutaja kazi yake, na mafuta ya taa yaliitaja kazi yake waziwazi tangu yalipofika pwani hii. Ni ya taa. Leo, katika vijiji vya Delta ya Rufiji na miji midogo ya Kibiti, taa yenyewe inaaga. Mapaa ya makuti na ya bati yamebebeshwa vioo vya kuvuna jua, na vibatari vimetupwa uani. Mafuta, hata hivyo, hayakutupwa pamoja navyo. Yamehamia jikoni, na jioni humiminwa juu ya mkaa, kibiriti kikafuata, na ulimi wa moto ukapanda hadi kwenye nyusi za mpishi. Wanaotazama husema jiko limewaka.

Halijawaka. Kilichowaka ni mafuta. Mkaa hushika kwa joto lililotulia mahali pamoja na kwa hewa inayopanda kutoka chini. Ndiyo sababu mfua bati huyatoboa matundu ya jiko chini ya makaa na kuliachia mlango tumboni. Anayemimina mafuta juu ameipa mgongo kazi yote ya fundi huyo. Mafuta hujiunguza yenyewe kwanza, hubabua vipande vya juu, kisha hufa na kuviacha vya chini baridi. Yaliyobaki hunywewa na vinyweleo vya mkaa, yakatoka baadaye kama mvuke, yakaingia katika mkizi aliyevuliwa asubuhi mdomoni mwa mto. Samaki huyo huliwa ananuka karakana, na mlaji humlaumu mvuvi.

Watetezi wa chupa ya mafuta wana hoja mbili. Ya kwanza ni haraka. Lakini haraka gani hii ya kumimina, kusubiri, kumimina tena, kisha kupepea kama asiyemimina kitu? Na huko kumimina mara ya pili, juu ya mkaa uliokwisha pata joto, ndiko kunakounguza watu. Mvuke hutangulia moto, na moto hurudi hadi kwenye chupa iliyo mkononi. Chupa yenyewe mara nyingi ni ya soda, na mtoto hajui tofauti. Mafuta ya taa yakinywewa huhatarisha mapafu zaidi kuliko tumbo, ndiyo maana waganga wanakataza kumtapisha aliyeyanywa: yakipanda tena, huteremka njia ya pumzi.

Hoja ya pili haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo yenye nguvu: kwamba kifuu ni umaskini. Kuwasha kwa kumbi na kifuu ni mambo ya bibi. Chupa ni maendeleo. Hapa ndipo panapostahili ghadhabu. Rufiji na Kibiti ni nchi ya minazi. Kifuu kikavu ni kigumu, hushika upesi kikivunjwa, na joto lake hudumu kuliko la karatasi au majani. Mkaa wa kifuu ulitiwa ndani ya barakoa za kuzuia gesi ya sumu katika Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo viwanda vya dunia huununua kwa ajili ya kuchuja maji. Kitu ambacho majeshi yalikitafuta kwa bidii huchomwa kama taka nyuma ya soko, na mwenye taka hizo huenda dukani kununua mafuta kwa kipimo.

Namna yake haina siri. Nyuzi za kumbi kavu hutangulia chini, vifuu vilivyovunjwa hufuata, kisha mkaa mdogo mdogo, uliopangwa kwa nafasi usizibe pumzi. Moto hutiwa kwa mlango wa chini. Mwenye kopo kubwa lililotolewa vitako vyote viwili hulisimamisha juu ya mkaa, nalo hugeuka bomba linaloivuta hewa, hata kipepeo kikapumzika. Hayo yote hufanywa nje, kwa kuwa mkaa unaowaka chumbani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iwe uliwashwa kwa kifuu au kwa mafuta.

Wala si kila cha asili ni chema. Maganda ya korosho nayo huwaka kwa nguvu, na Kibiti haina uhaba wa mikorosho. Lakini utomvu wake hubabua ngozi na moshi wake hukwaruza koo. Asiyatie mtu chini ya chakula. Mfuko wa plastiki, uliokuwa ukitumika kwa kazi hiyo hiyo kabla ya kupigwa marufuku mwaka 2019, ulikuwa mbaya zaidi.

Wengine watasema mjadala umepitwa: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, na bwawa lililojengwa juu ya mto huo huo wa Rufiji limeundwa kuzalisha megawati 2,115. Ni habari njema. Ila kati ya leo na 2034 kuna vyakula vya jioni zaidi ya elfu mbili, na hakuna anayekula mkakati. Katika mafuriko ya Aprili 2024 mkaa ulilowa pamoja na unga. Na mkaa uliolowa hautibiwi kwa mafuta mengi zaidi, bali kwa jua, au kwa kuwekwa kando ya jiko lililokwisha kuwaka.

Lugha nayo imepata hasara yake. Unguja husema makaa, Bara husema mkaa, na pande zote mbili zilikuwa na neno moja la ujirani: kupalia moto. Mtoto alitumwa nyumba ya pili na kigae, akarudi na makaa mawili yaliyofunikwa jivu, na jiko la mama yake likawaka bila kibiriti. Waulizwe vijana wa Kibiti leo maana ya kupalia. Wengi watajibu kuwa ni kazi ya jembe shambani.