Baraza la Mwalimu: Samaki wa Kundi Hafugwi Peke Yake



Wazazi kadhaa wameniuliza ni jambo gani lenye manufaa la kumshughulisha mtoto ndani ya nyumba katika miezi hii ya baridi. Jibu langu ni tangi la kioo lenye mimea na samaki wadogo. Lakini nitaanza kwa kukiri kosa.

Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka minane, alinisihi nimnunulie samaki. Siku moja tu tulinunua tangi, chujio, changarawe na samaki wanne wa aina ya neoni, tukajaza maji ya bomba, tukawatia. Kufika siku ya tano, watatu walikuwa wamekufa. Aliyebaki alijificha nyuma ya jani, rangi imempauka, wala hali. Mtoto akaniuliza, "Babu, ni sisi tuliowaua?" Nikamjibu kweli: ni sisi, kwa kutojua.

Kosa la kwanza lilikuwa katika maji. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria waishio kwenye chujio na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haidhuru, na mimea huitumia kuwa mbolea. Bakteria hao huhitaji kiasi cha wiki nne hadi sita kuzaana. Kwa hiyo panda mimea kwanza, washa chujio, na kila siku tia chembe chache za chakula zioze ziwalishe. Usinunue samaki mpaka vipimo viuzwavyo madukani vionyeshe kwamba amonia na nitriti zote ni sifuri. Tena, maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini.

Kosa la pili lilikuwa katika idadi. Neoni, ambaye wataalamu humwita Paracheirodon innesi, asili yake ni vijito vya bonde la Amazon. Urefu wake hauzidi sentimita 4, na huko kwao huenda kwa makundi, kama dagaa wa pwani yetu. Kundi ndilo ngao yake, kwani adui hushindwa kumlenga mmoja kati ya wengi. Akitengwa huishi kwa hofu. Wasipungue sita, kumi ni bora, na tangi la lita 60 lawatosha.

Kwa anayeanza, mimea mepesi ni anubia, ambayo asili yake ni Afrika, na feri ya Java. Ifungwe kwa uzi juu ya jiwe au gogo, shina lake nene lisifukiwe, lisije likaoza. Taa iwake saa nane kwa siku. Ikizidi, mwani wa kijani hutapakaa. Joto liwe nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi. Chakula kiwe kidogo, kile kinachokwisha kwa dakika mbili, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Asubuhi mkiwakuta wamefifia rangi, msishtuke: neoni hupauka gizani, na rangi hurejea kwenye mwanga.

Yule mmoja wetu tulimwokoa kwa kumbadilishia sehemu ya maji kila siku. Tangi lilipokomaa, tukamwongezea wenzake wachache wachache hadi wakatimia kumi. Siku ya kuwaleta wa kwanza, kabla ya Magharibi, alitoka nyuma ya jani, akajiunga nao. Mjukuu wangu hakusema neno. Alivuta kiti, akakaa kuwatazama mpaka alipoitwa kwenda kutawadha.

Tangu hapo yeye ndiye mwenye zamu ya kulisha, nami ndiye mwenye ndoo ya maji. Kiumbe tuliyemfungia hawezi kujitafutia riziki. Ni amana mikononi mwetu. Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula twaijua sote. Basi mzazi, kabla ya kwenda dukani, kubaliana na mwanao juu ya hizo wiki sita za kutazama tangi lisilo na samaki. Akiziweza, mnunulie.