MTORO AU MGONJWA?

Kila shule ina daftari la mahudhurio. Asubuhi mwalimu huita majina. Mtoto asiyeitika huandikwa kuwa hayupo. Akikosa siku nyingi huitwa mtoro. Mzazi wake huitwa ofisi ya kijiji. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aandikishwe na ahudhurie shule. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini daftari halisemi kwa nini mtoto hakuja. Sisi wanakijiji ndio tunaopaswa kuuliza.

Katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, kama vile vya Ukerewe, Sengerema na Magu, jibu moja ni kichocho.

Je, kichocho huingiaje mwilini? Mgonjwa akijisaidia ziwani au kando ya ziwa, mayai ya minyoo hufika majini. Huko hutoka vijidudu ambavyo huingia ndani ya konokono. Baadaye vijidudu hutoka tena na kuogelea. Mtoto akiingia majini kuoga, kufua au kuchota maji, humpenya kwenye ngozi. Yeye haoni kitu.

Kichocho cha tumbo ndicho kilichoenea zaidi kando ya ziwa. Mtoto huumwa tumbo. Huharisha, na pengine choo huwa na damu. Damu yake hupungua. Huchoka na kusinzia darasani. Leo anakuja shule, kesho haji. Watu husema ni mvivu. Ugonjwa ukikaa miaka mingi bila dawa, ini na wengu huharibika, na mtu anaweza kutapika damu na kufa.

Dawa ipo. Inaitwa prazikwanteli. Serikali huigawa shuleni, na mtoto hupimwa urefu ili apewe vidonge vinavyomfaa. Sasa tazama jambo hili. Mtoto asiyekuja shule kwa sababu ya kichocho anaikosa dawa ya kichocho. Kwa hiyo anazidi kuumwa, na anazidi kukosa shule.

Tena dawa hii inatakiwa kumezwa baada ya kula. Mtoto akiimeza na njaa, huweza kupata kizunguzungu na kutapika. Wazazi wakiona hivyo huogopa. Mwaka unaofuata humficha mtoto nyumbani. Sahani ya ugali au kikombe cha uji kingeondoa hofu hiyo.

Kuna na kazi za mwaloni. Dagaa huvuliwa usiku na huanikwa asubuhi, saa zile zile za masomo. Mama aliye peke yake humchukua mtoto amsaidie. Mtoto anakosa shule, na pengine anaingia majini.

Wapo watakaosema kwamba bila faini wazazi hawasikii. Ni kweli, wapo wazazi wakaidi. Lakini faini haiui minyoo. Inaondoa fedha ambayo ingenunua unga. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada toka shule ya msingi hadi kidato cha nne. Sasa kijiji nacho kifanye sehemu yake.

Maoni yangu ni haya. Mtoto akikosa shule siku tatu, mjumbe wa kamati ya shule na mhudumu wa afya waende kwao. Waulize kwa upole. Mtoto anayeumwa apelekwe zahanati. Kila kaya itoe mahindi kwa ajili ya uji wa shule, na asiye na shamba atoe dagaa. Majirani wa mwaloni wapeane zamu ya kuanika, ili mtoto awahi kengele.

Kila nyumba iwe na choo, na mwalo nao uwe na choo. Maji ya kuoga yakichotwa ziwani yakae siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko. Vijidudu vya kichocho vitakufa. Dawa peke yake haitoshi, kwa sababu aliyepona akirudi majini huambukizwa tena.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakungoja kutozwa faini. Sisi nasi tunaweza.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimwona mtoto wa jirani yuko nyumbani siku ya shule, usianze kwa kumwita mtoro. Muulize kwanza kama anaumwa, na kama amekula.